Bandera au Cody? Mji upi wa makauboi uende kwanza

Shemeji yangu wa Dallas ameniuliza hili swali mara tatu sasa, na kila nikimjibu kwa simu naishia kupiga stori za farasi tu, jibu lenyewe halipati, kwa hiyo leo naandika lote. Anataka kupeleka familia kwenye mji wa makauboi, mji mdogo wa wafugaji wa kweli, sio Fort Worth. Fort Worth keshaenda, wote tushaenda, pale Stockyards wanapitisha ng'ombe wenye mapembe marefu barabarani saa tano na nusu asubuhi na saa kumi jioni, dakika chache tu wameshapita unarudi kununua soda. Lile ni jiji. Kwenye kichwa chake imebaki miji miwili, Bandera hapa hapa Texas na Cody kule Wyoming. Mi nimebahatika kufika kote, Bandera mara tatu na Cody mara moja siku tano, na ni Msukuma niliyechunga mpaka namaliza la saba, kwa hiyo nina upendeleo wangu na nausema mapema msije kusema nimewaficha.

Jibu fupi kabla sijapotea: Bandera unapanda farasi mwenyewe, Cody unakaa jukwaani unaangalia wenzako wakirushwa. Mengine yote karibu yanatokea hapo.

Tuanze na jina maana watu wa nyumbani hawaliachi. Bandera ni Kispania, maana yake bendera, na ni neno moja na letu, sisi tulilichukua kwa Wareno tu. Nilipomwambia mama kwenye simu wikendi tunaenda Bandera akaniuliza bendera ya nini, mmekuwa viongozi huko? Mji wenyewe hesabu ya watu ya 2020 ilikuta watu 829. Yaani shule niliyosoma ilikuwa na wanafunzi wengi kuliko huo mji. Barabara kuu unaimaliza kwa miguu kabla askrimu ya mtoto haijaisha kuyeyuka, na joto la Texas unalijua. Cody ni mkubwa zaidi, kama watu elfu kumi, ina uwanja wake wa ndege, ina supamaketi za maana, ukisahau dawa au nepi hupati shida. Bandera ukisahau kitu unakipata ila sio kila saa, jiji la karibu ni San Antonio, kama maili 50.

Umbali ndo unaoamua kwa wengi, tusidanganyane. Kutoka Houston kwenda Bandera ni masaa kama manne, Dallas kama matano, unatoka Ijumaa baada ya kazi unalala kule. Cody kwa gari kutoka Dallas ni kama maili 1,300, hiyo ni siku mbili za kuendesha na ugomvi ndani ya gari. Sisi tulipanda ndege mpaka Billings kule Montana maana tiketi ilikuwa nafuu kuliko kutua Cody penyewe, tukakodi gari, chini ya masaa mawili tukafika. Kwa familia ya watu watano tiketi peke yake ilizidi bajeti nzima ya safari zangu mbili za Bandera, na hapo bado gari, bado hoteli ambazo mwezi wa saba zinapanda bei kama nauli za Desemba pale stendi.

Sasa utasema kwa nini basi mtu ahangaike na Cody. Subiri.

Kitu nilichokuja kukielewa baadaye ni kwamba hii miji ina asili tofauti kabisa japo kofia ni zile zile. Bandera ilianza 1853 kama kambi ya kupasua miti ya saipresi iliyoko kando ya mto Medina, wanatengeneza vigae vya mbao, alafu 1855 wakaja Wapolandi, kanisa lao la Mtakatifu Stanislaus lipo mpaka leo. Ng'ombe wakaja kushika hatamu miaka ya 1870, pale ndo walikuwa wanakusanywa halafu wanaswagwa kwa miguu kwenda kaskazini kwa njia ya Great Western mpaka Dodge City, Kansas, wakapakiwe treni. Miezi njiani. Reli zilipoenea na seng'enge zikafunga mbuga, kuswaga kukafa, na miaka ya 1920 wenye ranchi wakaanza kupokea wageni wa mjini walale, wale, wapande farasi, kupata hela ya ziada. Dixie Dude Ranch kwa mfano ni ranchi tangu 1901 na wageni wanalala tangu 1937. Kwa hiyo mgeni pale aliwakuta wenyewe na ng'ombe zao.

Cody ni kinyume. Ulianzishwa 1896 na William Cody, yule Buffalo Bill, na huyo bwana japo aliwahi kuwa skauti wa jeshi na mwindaji wa nyati kweli, alikuwa keshakuwa msanii wa maonesho, tangu 1883 anazunguka na kundi lake la farasi na bunduki, 1887 kafika mpaka London mbele ya Malkia Victoria. Mji alioupa jina lake ulizaliwa unasubiri wageni. Mwaka 1902 akajenga hoteli akaipa jina la binti yake Irma, ipo bado, na jioni za kiangazi wanaigiza kurushiana risasi nje yake watu wamejaa barabarani na viti vyao. Mi sioni kama ni ubaya, ila ujue unachonunua. Cody ni onesho lililofanywa na mabingwa, nje ya mji ndo ranchi za kweli zipo na hazina muda na wewe.

Farasi wa Bandera sasa, hapa nitakaa kidogo.

Ranchi za wageni pale zinakutoza kwa kichwa kwa usiku, ndani yake kuna kulala, chakula mara tatu na kupanda farasi, nyingi wanataka ukae angalau usiku mbili. Kabla hujalipa uliza mambo mawili, uzito na umri, maana farasi ana kiwango cha uzito na ukizidi hupandi hata ulie, na watoto wadogo sana wanazungushwa zizini tu na kamba. Kuna jamaa yetu mwili umejaa kidogo alijua pale pale mbele ya mkewe, siku ikaharibika. Na uliza kuhusu kurudishiwa hela. Kuna sehemu moja, sitaitaja, mtoto alishikwa na homa siku moja kabla, nikapiga simu kwa heshima zote, advansi ikaenda hivyo hivyo.

Ila asubuhi ile ya kwanza ilinilipa. Mzee aliyetuandalia farasi, miaka sabini na kitu, miguu imepinda kwa tandiko, alimvuta mkanda wa tumboni farasi wangu akaufunga, farasi akavuta pumzi akajaza tumbo kama chura. Mzee wala hakusema kitu. Akamtembeza hatua tano sita, farasi akajisahau akaachia pumzi, mzee akaurudia mkanda akavuta matobo mawili zaidi. Akaniambia huyu ananidanganya kila asubuhi miaka tisa sasa, ukimwamini tandiko linazunguka unajikuta chini ya tumbo. Nikacheka maana tulikuwa na ng'ombe nyumbani wa tabia hiyo hiyo, anabana maziwa mpaka umletee ndama wake. Tukaanza kuongea. Alipojua kwetu mahari inalipwa ng'ombe akasimamisha kazi kabisa, akataka kujua wangapi, madume au majike, na nani anachagua, na ng'ombe akiwa mgonjwa unarudisha? Maswali ya mtu anayejua ng'ombe. Mi nilimshangaza nilipomwambia sisi tunachunga kwa miguu na fimbo, farasi hatuna, akasema basi nyie ndo wanaume.

Njia zenyewe zinapita kwenye vilima vya mawe ya chokaa na miti mifupi inayonukia kama kabati la nguo la bibi, farasi anaenda mdogo mdogo kwa mstari, usitegemee kukimbia, bima hairuhusu. Saa moja inatosha kabisa maana kesho yake mapaja yatakwambia. Kama umeshazoea farasi au una rafiki mwenye wa kwake, kama maili kumi kutoka mjini kuna Hill Country State Natural Area, zaidi ya ekari 5,000 na njia kama maili 40, ilikuwa ranchi ikawa hifadhi ya jimbo, huko hakuna sherehe ni wewe na vumbi.

Mama mkwe alikuwa ametutembelea kutoka Mwanza safari ya pili, akamkataa farasi mapema, akasema mi punda namjua huyu simjui. Akakaa mtoni Medina chini ya ile miti mikubwa miguu kwenye maji, siku nzima, anasema ndo sehemu ya kwanza Marekani aliyosikia ndege. Hapo niongeze neno la tahadhari, mito ya ule ukanda wa vilima ikijaa inajaa ghafla, Julai 2025 mto Guadalupe kwenye kaunti ya jirani ya Kerr uliua watu zaidi ya mia usiku mmoja, kwa hiyo ukipiga kambi kando ya maji kipindi cha mvua usizime simu na usibishane na tangazo.

Jioni ya Bandera ni ndogo ila tamu. Mgahawa wa OST wanapika tangu 1921, viti vya kaunta ni matandiko ya farasi, watoto hawashuki, na agiza ile nyama ya ng'ombe iliyopondwa ikachovywa unga ikakaangwa kama kuku alafu ikamwagiwa mchuzi mweupe, inakaa tumboni kama ugali wa mtama. Arkey Blue's ni baa ya chini ya ardhi, unashuka ngazi, sakafuni vumbi la mbao kama maranda ya banda la kuku na watu wazima wanacheza wawili wawili kwa adabu. Frontier Times Museum ya 1933 ni chumba cha babu asiyetupa kitu, kuna mpaka mbuzi wa vichwa viwili. Nusu saa umemaliza.

Na hapo hapo ndo Bandera inapoishiwa. Siku mbili, tatu ukivuta, basi. Rodeo, yale mashindano ya makauboi ya kupanda na kukamata wanyama, zipo kiangazi ila sio kila siku, angalia ratiba kabla hujawaahidi watoto, sisi mara ya kwanza tulifika wiki ambayo hamna.

Cody haina hilo tatizo. Kuanzia tarehe 1 Juni mpaka 31 Agosti rodeo ni kila usiku, saa mbili usiku, tangu 1938. Kila usiku! Unafika Jumanne au Jumapili unaikuta. Kama hujawahi kuona, mchezo unaovuta watu ni wa kupanda fahali, mkono mmoja tu, ule mwingine ukigusa mnyama umetoka, unatakiwa ukae sekunde nane, na marks zinagawanywa nusu kwa mtu nusu kwa fahali, yaani ukipewa fahali mvivu hushindi hata ukikaa vizuri. Sekunde nane ukiziangalia ni ndefu kuliko foleni ya benki. Vijana wengi usiku ule hawakufika hata nne.

Alafu kuna ule wa kuruka kutoka kwenye farasi anayekimbia, unamdaka maksai pembe, unamsokota shingo mpaka alale. Hapo niliwaambia wanangu wasikilize. Aliyeuleta mchezo huo ni mtu mweusi, Bill Pickett, mzaliwa wa Texas 1870, yeye alikuwa anamng'ata maksai mdomo kama mbwa ili atulie, na 1971 akawa mweusi wa kwanza kuingizwa kwenye jumba la heshima la rodeo pale Oklahoma. Wanahistoria wanakadiria makauboi wa enzi ile ya kuswaga, mmoja kati ya wanne alikuwa mweusi. Nalisema hili kwa sababu kote kuwili utajikuta wewe na familia yako ndo weusi peke yenu ndani ya mgahawa, wanakuangalia, wanakusalimia, wanakuuliza umetoka wapi. Mi sikupata baya lolote zaidi ya macho, ila ukijua habari ya Pickett unakaa kwenye lile jukwaa tofauti.

Katikati ya rodeo mtangazaji anaita watoto wote washuke uwanjani, wanaachia ndama wachache wamefungwa utepe mkiani, anayenyofoa utepe ndo mshindi. Watoto mia wanakimbia upande mmoja, ndama anageuka, watoto mia wanarudi. Mwanangu wa miaka nane nikamfundisha toka jukwaani kwa sauti yote, usimfukuze, mkate mbele, mkate mbele! Ndo tulivyokuwa tunafanya sisi. Akasimama peke yake pembeni, ndama akaja kweli mpaka kwake, mtoto akamkwepa. Kaogopa. Nyumbani hiyo stori bado hairuhusiwi kusemwa mbele za wageni. Chukueni majaketi, hata Julai usiku ule ni baridi, mji uko juu kama mita 1,500 na upepo wake haupumziki.

Kwa mchana Cody imeizidi Bandera kwa mbali. Makumbusho ya Buffalo Bill Center of the West ni matano ndani ya jengo moja, tiketi inakupa siku mbili na unazihitaji. Sehemu ya bunduki watoto wa kiume utawasahau huko, mi nilikwama upande wa watu wa asili wa nyanda, viatu vya mtoto vimeshonwa shanga mpaka kwenye soli, nikakumbuka shanga za kwetu, mama watoto akaja kunivuta. Nje kidogo ya mji njia ya Powell kuna Heart Mountain, hapo 1942 mpaka 1945 Marekani iliwafungia Wamarekani wenye asili ya Japani, zaidi ya watu elfu kumi kwenye mabanda katika ule upepo. Alan Simpson, mtoto wa Cody, alienda kambini na skauti wenzake akamkuta mtoto aliyefungwa humo, Norman Mineta, wakawa marafiki wa kudumu, mmoja akaja kuwa seneta mwingine mbunge na waziri. Watalii wengi wanapita bila kusimama. Simama.

Alafu ndo Yellowstone, ile hifadhi ya taifa. Lango la mashariki liko maili 52 tu kutoka Cody, unapita bwawa la 1910 lililokuwa refu kuliko yote duniani lilipokamilika, korongo limebana mpaka watoto wananyamaza, na nyati barabarani wanasimamisha magari kama ng'ombe wa kwetu njia ya Shinyanga. Gari ni dola 35 kwa siku saba. Kama unapeleka mgeni aliyetoka nyumbani na sio mkazi wa Marekani, tangu Januari 2026 wamemwekea dola 100 za ziada kila mwenye miaka 16 kwenda juu, mpange kwenye bajeti. Na hilo lango magari hayapiti kati ya Novemba mwanzoni na Mei mwanzoni, kwa hiyo Cody ya majira ya baridi unabaki na makumbusho na theluji.

Farasi Cody wapo, unakodi kwa saa, ila nilipanda nikashuka bila kujua hata jina la aliyenipandisha. Chakula, nyama ya nyati utaipata, na korodani za ndama zilizokaangwa ambazo Wamarekani wanakula kwa kudaiana ushujaa, mi nikala kama kawaida nikaagiza nyingine. Kwa wanaokula halali, sikuona sehemu kote kuwili, beba chakula chako kwenye boksi la barafu au ule samaki na mayai.

Kwa hiyo shemeji. Kama una wikendi ndefu na watoto chini ya miaka kumi, au una mzee kutoka nyumbani, nenda Bandera, Machi mwishoni au Aprili maua ya bluu yamejaa kando ya barabara, au Oktoba joto limepungua. Julai na Agosti Bandera usiende, farasi mwenyewe anakuonea huruma. Kama una wiki nzima na hela ya ndege na watoto wameshaweza kusoma maandishi ya makumbusho, Cody, na usiende siku za tarehe 1 mpaka 4 Julai isipokuwa umebuku mapema sana, ndo Cody Stampede hiyo, rodeo kubwa ya mwaka, ipo tangu 1919 na mji unafurika. Unaloweza kukosea ni kwenda Cody kwa siku mbili, au kwenda Bandera kwa wiki. Nimeona watu wamefanya yote mawili.

Ukinilazimisha mji mmoja tu, mi narudi Bandera, ila hilo ni la mchungaji, mama watoto anasema Cody na hataki kusikia. Sisi Oktoba tumeshabuku, zamu hii nimeuliza habari ya kurudishiwa hela kabla ya kutoa kadi. Mkitaka kuungana nasi niambie uzito wako wa kweli shemeji, sio ule wa kwenye leseni.